Nina akiba ya nyumba, lakini nikiitaja wataacha kunilipia kodi

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitajwe, wala la shirika nitakalolizungumzia, maana wakijua ni mimi huenda nikawa nimemwaga unga wangu mwenyewe.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Tulikuwa tunakaa Mathare, chini kabisa bondeni, hatua chache kutoka mtoni. Usiku ule wa Aprili 2024 maji yalipanda hadi dirishani. Tulitoka na watoto, na vitambulisho vyetu nilikuwa nimevifunga kwenye leso. Vingine vyote vilichukuliwa na maji, na vilivyonasa kwenye matope vilimalizwa na tingatinga mwezi wa Mei, tulipoambiwa walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Zile shilingi 10,000 alizotangaza Rais alipokuja Mathare mwezi huo tulizipata. Tukanunua godoro, sufuria mbili na jiko. Halafu tukaenda kubanana kwa binamu yangu Dandora, watu tisa chumba kimoja, miezi minne.

Septemba ya mwaka huo shirika moja lilituchukua kwenye programu yao ya kodi. Wanalipa 8,500 kila mwezi moja kwa moja kwa simu ya mwenye nyumba, kwa miezi 18. Tulipata vyumba viwili Huruma, ghorofa ya nne, choo ndani. Shangazi, wiki ya kwanza mtoto wangu wa mwisho alikuwa anavuta maji ya choo hata kama hajaenda haja, anasikiliza tu yakishuka.

Mimi nauza chapati na madondo karibu na mjengo. Mzee wangu ni fundi wa mawe, akipata siku nne kwa wiki tunashukuru. Kwa mwezi mzuri sote wawili tunafikisha kama 18,000. Sasa nilipoona kodi inalipwa, nilijiambia hii ni nafasi Mungu amenipa na haitarudi. Nikajiunga na chama cha akina mama kumi na mmoja. Kila Jumapili naweka 1,000. Sijakosa hata Jumapili moja, na sasa ni Jumapili 69. Ukiweka na faida tuliyogawana Desemba, nina 71,300.

Pesa hizo zina kazi yake. Nimejiandikisha kwa Boma Yangu, ule mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Ile nyumba ya vyumba viwili ya kundi la wenye mapato ya chini niliambiwa bei yake ni 960,000, na nilipouliza mwaka jana nikaambiwa nijiandae na asilimia 10 ya kuanzia. Yaani 96,000. Nimebakiza 24,700 tu.

Shida ni hii. Miezi 18 inaisha mwisho wa Februari. Kabla ya hapo afisa atakuja nyumbani, Alhamisi ya mwisho ya Januari, na kishikwambi chake na fomu ya kujaza. Wale watakaoonekana “wamesimama” wataachiliwa. Wale ambao bado wataongezewa miezi sita. Nimeona fomu ya mwenzangu. Kuna mahali panauliza mapato, panauliza vyombo vya ndani, na panauliza wazi: Je, familia ina akiba yoyote? Taja kiasi.

Nikitaja 71,300 nimesimama. Si ndivyo wataandika? Lakini nimesimama wapi, Shangazi? Kwa ngazi ya kukodi! Jirani yangu mmoja tuliyekuwa naye kwenye programu alikatwa mwezi wa Oktoba. Afisa aliingia akakuta friji ya mitumba, na mwezi uliofuata kodi haikulipwa. Huyo jirani alikuwa pia amempa mpwa wake chumba kimoja na mpwa anachangia kidogo, lakini kila mtu anajua ni ile friji. Leo amerudi kule kule bondeni, kwenye mabati, anasikia mto usiku. Nilienda kumwona nikarudi nalia.

Kwa hiyo nimeamua niandike “hakuna”. Halafu nikakumbuka fomu inatiwa sahihi na baba na mama. Na baba hajui. Hajui kabisa kwamba nina pesa hizi. Mwaka 2019 nilikuwa na 30,000 za chama, akaniomba za matanga ya ami yake, akasema zitarudi kwa michango. Hazijarudi hadi leo. Si mtu mbaya, na pombe hanywi, lakini mtu wa kwao akipiga simu hawezi kusema hapana. Sasa anasema kodi ikikatwa tukae ushago kidogo tujipange. Binti yetu ameingia Gredi ya 10 mwezi huu, shule ya kutwa, anakwenda kwa miguu. Nimpeleke wapi katikati ya muhula?

Nidanganye niongezewe miezi sita na nifikishe 96,000? Au niseme ukweli nikatwe, na pesa zote ziishie kwa mwenye nyumba? Usiku silali. Wanawake wa chama wanasema niwe mjanja, na mchungaji wangu angesema kingine, ndiyo maana sijamuuliza.

Ni mimi,
Mama Chapati, Huruma

* * *

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisoma nikiwa na kalamu. Kabla sijasema lolote, Jumapili 69 bila kukosa, kwa kuuza chapati! Nina watu ninaowajua wenye mishahara ya ofisini ambao hawajawahi kufanya hivyo kwa Jumapili kumi.

Niruhusu niyapange maneno yako nione kama nimekuelewa. Unalipiwa kodi kwa sababu huna nyumba. Kwa kuwa unalipiwa, umeweza kuweka akiba ya nyumba. Sasa unaogopa kwamba hiyo akiba ndiyo itakayofanya waache kukulipia kabla hujaipata nyumba. Ni kama mtu aliyepewa ngazi apande ukutani, na akifika katikati wanasema huyu sasa amepanda, ileteni ngazi. Hofu yako si ya kipuuzi. Misaada mingi ya kodi hupimwa kwa miezi au kwa mapato, na ni michache inayopimwa kwa ufunguo mkononi.

Lakini humo ndani nimeona mambo matatu ambayo umeyachukua kama yamekwisha kuthibitishwa. Tuyaguse polepole.

La kwanza ni friji ya jirani. Umeandika mwenyewe, kwa haraka kama mtu anayepita, kwamba alikuwa amempa mpwa chumba na mpwa analipa. Kisha ukasema kila mtu anajua ni friji. Mimi sijui, na huenda hata wewe hujui. Katika programu za aina hii, kupangisha nyumba inayolipiwa na wengine kwa kawaida ni kosa kubwa kuliko friji ya mitumba. Nilipokuwa kijana nilizunguka Korogocho kwa miaka miwili nikijaza fomu kama hizo, wakati huo zikiwa za karatasi, na nakwambia vitu vya ndani tulikuwa tukiviandika tu. Uamuzi ulikuwa ukikaa chini kabisa, kwenye mistari mitatu ya “maoni ya afisa”. Hapo ndipo mtu alipopona au alipozama. Sisemi jirani yako alitendewa haki. Nasema umejenga mpango wa kudanganya juu ya kisa ambacho sababu yake hujaisikia kutoka kwa aliyeamua.

La pili ni neno “wamesimama”. Nani ameandika maana yake? Je, ni kiasi fulani cha akiba, au ni mapato ya mwezi, au ni afisa kuangalia tu na kukadiria? Una haki ya kuuliza, na huhitaji kuuliza kwa ugomvi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na chini yake mtu anaweza kumwomba yeyote anayehifadhi taarifa zake amwonyeshe zilivyo, na arekebishe zilizokosewa. Shirika lenye faili lako limo humo. Ujumbe mfupi kwa namba yao ya programu unatosha: naomba kujua vigezo vya kuongezewa miezi, naomba kujua akiba inahesabiwaje, na kama sikuridhika nikate rufaa kwa nani. Uutume kabla ya Alhamisi hiyo, kisha uhifadhi majibu. Wakikujibu kwa simu, andika tarehe na jina la aliyepiga.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi, na naomba usikasirike. Unazungumza kana kwamba siku utakayofikisha 96,000 ndiyo siku utakayolala kwako. Amana inakuweka kwenye mstari, mwanangu, lakini mlango unafunguliwa siku nyingine. Kuna kugawiwa, kuna jengo kumalizika, kuna karatasi. Waulize watu wa Soweto Mashariki, Kibera. Septemba 2009 walihamishiwa kwenye nyumba za muda Lang'ata ili za kudumu zijengwe walikotoka. Nyumba hizo 822 zilikabidhiwa mwaka 2016. Mtoto aliyehama akiwa darasa la kwanza alikuwa karibu kumaliza la nane. Siku hizi mambo yanakwenda kwa kasi zaidi, na Mei 2025 tuliona watu wa kwanza wakipewa funguo Mukuru, kwa hiyo sikukatishi tamaa. Ninachosema ni kwamba hata miezi sita ukipewa, huenda ikaisha na wewe bado unangoja kuitwa. Mpango wako unahitaji kujua huo mwezi wa saba utalipwa na nani.

Sasa hesabu, maana barua yako ina namba nzuri na hukuzitumia.

Umebakiza 24,700. Kwa 1,000 kila Jumapili hizo ni Jumapili 25, zinazoishia mwanzoni mwa Julai. Kodi ikiendelea kulipwa hadi hapo, umefika. Kodi ikikatwa mwisho wa Februari na ukabaki hapo hapo, utakuwa umefikisha kama 77,000, na kuanzia Machi ile 1,000 yako ya kila wiki itaingia kwenye kodi na bado utapungukiwa na kama 4,200 kila mwezi, ambazo utazitoa kwenye akiba. Ikifika mwisho wa Julai utakuwa na kama 56,000. Tofauti ya hayo mawili ni zaidi ya 40,000, karibu Jumapili 40 za chapati. Hesabu hii iandike kwenye karatasi moja, kwa mwandiko wako, kwa sababu naona ina nguvu kuliko neno “hakuna”.

Tuseme umeandika “hakuna” hata hivyo. Nisikudanganye kwamba haliwezi kupita. Linaweza kupita vizuri tu. Lakini tazama ni akina mama kumi wanaojua kiasi chako, na barabara ya Huruma haina siri. Tazama pia kwamba siku utakapoombwa amana utaitoa 96,000 hadharani, miezi michache baada ya kutia sahihi kwamba huna kitu. Halafu kuna Boma Yangu, ambako nako umejaza mapato. Kile kiasi ulichokiandika huko kifanane na utakachomwambia afisa, kwa sababu kundi lako la bei ni la walio chini ya 20,000 kwa mwezi, na karatasi mbili zinazopingana ni rahisi kuziona kuliko friji. Ukigundulika, hawatakata miezi sita tu. Kuna mashirika yanayodai kurudishiwa, na kuna yanayopeana majina.

Na kuna sahihi ya mwenzako. Ukiandika “hakuna” akatia sahihi bila kujua, umemfanya mtu aseme uongo ambao hata hajausikia.

Njia ya kusema pia ina hatari zake, sitaki kukupaka mafuta. Afisa anaweza kuwa msichana wa miaka ishirini na tano mwenye nyumba kumi na mbili za kutembelea siku hiyo, na kisanduku cha akiba kwenye kishikwambi chake kinataka tarakimu tu, hakitaki hadithi. 71,300 ikiingia peke yake inaonekana kama mtaji. Kwa hiyo ikiingia, isiingie peke yake. Mwombe katibu wa chama akuandikie barua yenye muhuri, aseme unaweka kila wiki tangu lini, na kwamba lengo ulilosajili ni amana ya nyumba. Weka na picha ya usajili wako wa Boma Yangu, na ile karatasi ya hesabu. Kisha mwombe afisa aandike kwenye maoni yake, kwa maneno yako: “Akiba hii ni ya amana. Familia inahitaji Jumapili 25.” Usiondoke hapo hadi umwone akiandika. Mimi nilipokuwa na kalamu hiyo, mama aliyekuja na barua mkononi alinipunguzia kazi, na nakiri alipata mistari mizuri kuliko aliyelia.

Wengine huhamisha akiba ya namna hii kutoka chamani na kuiweka kwenye akaunti ya kuwekea nyumba ndani ya Boma Yangu kwenyewe, ionekane wazi ni ya nini. Ina faida hiyo, na nyingine ambayo nadhani umeshaifikiria: simu ya matanga ikilia, pesa haziko chini ya godoro. Ila kabla hujahamisha uliza ukizihitaji kwa dharura unazitoaje na inachukua siku ngapi, na angalia sheria za chama chenu kuhusu anayejitoa katikati ya mwaka.

Unaweza pia kuomba kidogo kuliko wanachotoa. Miezi sita ya 8,500 ni 51,000 kwao, na nyuma yako kuna familia ambazo hazijapata hata mwezi mmoja. Ukisema lipeni nusu, mimi nalipa nusu, hadi Julai, unawagharimu kama 21,000. Lakini ujue unachobadilishana: 4,250 kwa mwezi ndiyo karibu yote unayoweka sasa, kwa hiyo akiba itasimama pale pale kwenye 77,000. Haitaliwa, na haitakua. Mtu anaweza kuikubali hiyo akiwa na uhakika mwenzake atapata siku tano za mjengo badala ya nne.

Kuhama kwenda nyumba rahisi hukulitaja, labda kwa sababu linakuuma. Chumba cha 4,000 ungekilipa kwa ile 1,000 yako ya kila wiki na akiba isiguswe. Najua maana yake: watu watano chumba kimoja, choo cha ploti, na mtoto wako wa mwisho asikilize foleni badala ya maji. Itakuwa mara ya tatu anabeba begi lake tangu mafuriko. Ukifika hapo, nakuomba jambo moja tu, chumba kisiwe bondeni na kisiwe kwenye jengo lenye nyufa, hata kama bei yake inakubembeleza. Wewe ni wa Huruma, huhitaji kukumbushwa jengo lile lililoporomoka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016.

Ushago sikuoni ukienda, na sababu yako ya Gredi ya 10 ni nzito. Hata hivyo msikilize mzee anaposema hivyo. Mwanamume anayesema twende nyumbani tujipange, mara nyingi anasema kwamba amechoka kuonekana hawezi kulipa.

Kabla sijafika kwake, kuna kitu kidogo ambacho watu husahau hadi siku ya mwisho. Mkataba wa vyumba hivyo viwili umeandikwa jina la nani? Na ile amana ya mwezi mmoja iliyolipwa Septemba 2024, ikirudi inarudi kwako au kwa shirika? Kama ni ya shirika na wao wakijitoa, mwenye nyumba anaweza kukuomba 8,500 nyingine mwezi wa Machi juu ya kodi, na hiyo haimo kwenye hesabu yako wala yangu. Muulize wiki hii, ukiwa umempelekea chapati mbili za moto. Ukiongea naye mapema, mwenye nyumba aliyelipwa kwa wakati miezi 17 mfululizo anaweza hata kukupunguzia. Amezoea pesa inayoingia bila kupiga simu.

Na kama mpo wengi kwenye programu mnaoishia Februari, si lazima kila mmoja aende peke yake akiwa na hofu yake. Barua moja yenye majina ya familia kadhaa, inayoomba kodi isikatwe kwa anayeonyesha kwamba yuko njiani kupata nyumba, inasomwa na mkubwa wa afisa. Wafadhili wao nao wanataka kusikia habari ya mama aliyetoka mtoni akaingia kwake. Wakikukata leo habari hiyo hawanayo. Mkikwama kwenye maneno ya kisheria, Kituo cha Sheria wapo Nairobi tangu mwaka 1973 na husaidia wasio na uwezo katika mambo ya makazi.

Sasa mzee.

Nilipoanza kusoma nilidhani barua hii ni ya shirika. Nilipofika mwisho niliona aliye nyuma ya kila mstari ni yeye. Afisa akija Alhamisi na wewe ukasema ukweli, mumeo ataisikia 71,300 kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni, ndani ya nyumba yake, akiwa ameshika kalamu. Ukidanganya, ataisikia siku nyingine, pengine kutoka kwa mume wa mwanachama mwenzako. Siko upande wa yeyote hapa. Ulificha kwa sababu uliumia mwaka 2019, na sababu hiyo haijaondoka. Kumwambia kuna hatari ya kweli: simu italia kutoka kwao, na sasa atajua pesa ziko wapi. Ndiyo maana nimetaja akaunti ya nyumba. Wapo wanawake wanaohamisha kwanza ndipo wakaseme, na wapo wanaosema kwanza ili uamuzi wa kuhamisha uwe wa wawili. Wewe unamjua aliye nyumbani kwako, mimi namjua kwa mistari sita.

Ukichagua kumwambia, usianze na kiasi. Mtu akisikia 71,300 ghafla, atasikia kwanza kwamba amefichwa, na hatasikia kingine tena usiku huo. Mpe kile kitabu cha chama akishike, afungue ukurasa wa kwanza wa Septemba 2024, ahesabu mihuri mwenyewe, Jumapili kwa Jumapili. Mwonyeshe zile wiki ambazo yeye hakupata kazi hata siku moja na muhuri upo. Saa ya kufanya hivyo unaijua wewe. Kwa wengine ni kabla ya mpira, kwa wengine ni baada, inategemea nani ameshinda.

Alhamisi hiyo ikipita, niandikie. Nataka kujua afisa aliandika nini kwenye ile mistari mitatu ya chini.